Sikukuu ya Taa Lyon: nampeleka mama wa miaka 67, tusimame wapi?

binti_pongwe

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kufika Fête des Lumières, ile Sikukuu ya Taa ya Lyon, Ufaransa, ambako usiku wanamulika michoro ya kompyuta kwenye kuta za majengo.

Mimi nasoma Grenoble, kama saa moja na nusu kwa treni. Mama anakuja kutoka Tanga mwanzoni mwa Disemba, na ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Ni fundi cherehani, ana miaka 67, goti la kushoto linamsumbua na baridi ya huku haijui. Mwaka jana nilimpigia simu ya video nikiwa kwenye sikukuu. Akatazama kimya, halafu akaniuliza kwa hofu, "Hilo jengo linabomoka na wewe umesimama hapo?" Tangu siku hiyo nimejiwekea nia aje alione kwa macho yake.

Shida ni kwamba mimi mwenyewe sikufaidi. Nilikwenda Jumamosi saa mbili usiku. Uwanja wa Place des Terreaux niliingia kwa kusukumwa nikatoka kwa kusukumwa, nilichokiona vizuri ni mikono ya watu iliyoinua simu. Kanisa kuu la Saint-Jean nililiona kutoka ubavuni, na picha zilikuwa zimepinda: nguzo zimelala, nyuso zimevutika kama mpira. Wenzangu waliokuwa katikati walitoka wanafuta machozi kwa uzuri wake.

Twende siku gani, saa ngapi, tusimame wapi? Na zile picha zilipinda kwa nini? Halafu mama ni mtu wa swala tano, lazima ataniuliza sikukuu hii ni ya nini, nami nataka nimpe jibu la kweli. Naomba kuwasilisha.

mkwaju

Kiingilio ni kiasi gani? Isije ukafika na mgonjwa wa goti ukaambiwa tiketi zimeisha.

fundi_taa_mvita

Mkwaju, hakuna kiingilio. Yote iko barabarani na viwanjani, mtu anapita tu.

Binti, mlete mama. Mimi ni wa Mombasa, kazi yangu ni mitambo ya taa na picha, na Disemba nne nimekuwa kwenye kikosi cha kufunga projekta Lyon. Ngoja nianze na hilo la kupinda, kwa sababu ukilielewa utajua pa kusimama bila kumuuliza mtu.

Jengo hupimwa kwanza. Mashine ya leza huwekwa mbele ya ukuta, inazunguka na kurudisha mamilioni ya nukta, kila nukta na umbali wake. Kutokana na nukta hizo hujengwa mfano wa jengo ndani ya kompyuta, pamoja na kila dirisha, kila ukingo, kila sanamu na pua yake. Msanii anachora juu ya mfano huo. Sasa akitaka ukuta uonekane umebonyea ndani mita tano, au nguzo imechomoza nje, hana budi kuamua mtazamaji amesimama wapi. Mara nyingi huchagua katikati ya uwanja, nyuma, karibu na projekta zenyewe. Wewe ulipokaa ubavuni, ukuta ulikuwa ule ule, ila kile kina cha kuchora hakikupangwa kwa jicho lako. Na uso wa Saint-Jean si wa kunyooka. Una milango mitatu iliyozama ndani na vitu chungu nzima vilivyojitokeza. Mwanga unatoka mbele, kwa hiyo anayetazama kutoka pembeni anaona pale usipofika: michirizi myeusi nyuma ya kila kilichochomoza.

Basi tafuta mnara wa projekta. Ni kijumba kilichoinuliwa juu ya mabomba ya chuma, kina kioo upande wa mbele, na ukikaribia utasikia feni zake. Simameni hatua chache mbele yake, mgongo mmeupa mnara. Watu wengi hukimbilia ukutani. Huko shingo itamuuma mama na ataona robo ya kitu.

Usiku ninaoupenda kuliko yote ni wa majaribio, kabla watu hawajaja. Saa tisa za usiku uwanja mtupu, tunawasha gridi, yaani mistari myeupe mitupu, ikae juu ya jengo. Kila mstari lazima ulale kwenye ukingo wake. Mmoja anakwenda ukutani na redio mkononi: "Dirisha la pili, shusha kidogo. Kidogo tena. Acha." Mwaka mmoja njiwa alikuwa amelala kwenye ukingo wa dirisha na mstari ukampita kifuani. Hakuamka. Tuliutumia mstari ule kama alama mpaka tukamaliza. Sasa sikiliza: mnara ukigeuka digrii moja tu, kwenye ukuta ulio mita 60 mbele picha imehama zaidi ya mita moja. Kuna usiku mtu alisukuma toroli likagonga bomba la mnara, tukarudia kazi yote mpaka alfajiri. Kwa hiyo nakuomba, na uwaombe wenzako, msiegemee yale mabomba.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui: projekta haina rangi nyeusi. Nyeusi unayoiona ni ukuta usiomulikwa, basi. Ndiyo maana taa za barabarani za eneo lile huzimwa, na ndiyo maana dirisha moja la ofisi likiachwa na taa linaharibu kazi ya miezi. Limenitokea. Ghorofa ya tatu, katikati kabisa ya uso wa mwanamke aliyechorwa, kijimraba cha njano. Tulimtafuta mwenye ufunguo saa nzima huku watu wanatazama.

Kuhusu siku: sikukuu ni usiku nne, na tarehe 8 Disemba huwa ndani yake. Epukeni Jumamosi kwa gharama yoyote. Saa hubadilika mwaka hadi mwaka, tazama ratiba ya jiji, lakini mfike mjini kabla taa hazijawashwa, mkae mahali penye joto, mwe uwanjani onyesho la kwanza linapoanza. Kila onyesho ni la dakika chache na linarudiwa tena na tena mpaka muda wa kufunga, hampotezi kitu mkichelewa mkondo mmoja. Kuna ukaguzi wa mifuko, njia nyingi zinakuwa za kwenda upande mmoja, na vituo vya metro vya katikati vinaweza kufungwa, kwa hiyo shukeni kituo kimoja kabla na mtembee taratibu. Saint-Jean kwanza, miguu ikiwa bado na nguvu.

Na baridi. Haimkamati mtu kichwani, inapanda kutoka kwenye mawe. Soksi mbili, kisha mbebe kipande cha boksi akikanyage akisimama. Sisi mafundi wote husimama juu ya maboksi.

mama_baraka

Dada, mimi ni wa Bukavu, nakaa Lyon miaka kumi na ine, mtaa wa Croix-Rousse. Fundi amesema vizuri ya projekta, mimi niseme ya asili.

Mwaka 1643 tauni ilitisha muji, wakubwa wa muji wakaweka nadhiri kwa Bikira Maria kwamba wakipona watapanda kilima cha Fourvière kila tarehe 8 Septemba kumushukuru. Muji ukapona. Mwaka 1852 wakataka kuzindua sanamu yake mupya juu ya mnara wa kanisa ya kule kilimani, kazi ya muchongaji Joseph-Hugues Fabisch. Ilipaswa kuwa 8 Septemba, lakini muto Saône ulifurika, maji ikaingia mahali alikuwa anafanyia kazi, sanamu haikuisha. Wakasogeza mpaka 8 Desemba. Siku yenyewe ikaja mvua ya upepo, wakubwa wakataka kuahirisha sherehe ya usiku. Magaribi mbingu ikatulia, na watu, bila kutumwa na mutu, wakaweka mishumaa ku madirisha, nyumba kwa nyumba, mpaka muji muzima ukawaka. Hiyo njo sikukuu. Hii ya wasanii ya usiku ine ni ya kuanzia 1999.

Kwa hiyo mwambie mama ukweli: ni ya shukrani kwa Maria, na juu ya kilima ataona maandishi makubwa ya taa, MERCI MARIE. Atajua mwenyewe namna ya kulipokea.

Mimi nilielewa siku hii mwaka 2015. Kisha mashambulio ya Paris ya mwezi wa Novemba, karibu maonyesho yote yalifutwa. Nilidhani tutabaki giza. Jirani yangu, mama muzee wa ghorofa ya chini, akanigongea mlango na bilauri sita ndogo, zile za mistari mistari, nyekundu na buluu, ndani mushumaa mufupi. Hakusema mingi, akanionyesha dirisha. Nikafungua, nikatazama barabara: kila dirisha ilikuwa inawaka. Nilikuwa muji huu miaka kadhaa na hakuna mutu alikuwa amenigongea mlango. Tangu hapo tunawekaka pamoja, mimi na yeye, kila tarehe 8.

Kama mutakuwa hapa tarehe 8 yenyewe, kisha Saint-Jean musikimbie Terreaux. Mupite vichochoro vya makao ya watu, mutazame juu.

binti_pongwe

Nimewasoma wote, nawashukuru kutoka moyoni. Nitaleta mrejesho.

binti_pongwe

MREJESHO. Tumekwenda, tumerudi, mama amelala. Naandika kabla sijasahau.

Tulifika Lyon saa kumi jioni, tukakaa kwenye mgahawa akanywa chai mbili. Ukaguzi ulikuwa wa haraka. Uwanja wa Saint-Jean tuliingia mapema, nikatafuta mnara, nikasikia feni, nikatandika boksi, mama akasimama juu yake na kanga amejifunga juu ya koti. Taa za uwanja zilipozimika alinishika mkono. Kisha ukuta wote ukapauka, mistari ikaanza kupita kwenye kila ukingo, polepole, milango, madirisha, lile dirisha kubwa la mviringo, kama mtu anayechora na chaki. Mama akasema, "Wamelipima." Nikamuuliza nini. "Jengo. Wamelipima mabega, wamelipima kiuno. Huwezi kumvalisha mtu hivi bila kumpima." Hakutazama tena kama kitu cha kuogopesha. Alikaa maonyesho matatu mfululizo, dakika zote hizo goti hakulitaja.

Baadaye tukapita uwanja mdogo, kuna jengo la ghorofa tano lilikuwa linaonyesha maji. Mimi niliona maji mazuri. Mama akatazama kidogo akasema upande wa kulia pindo halijakaa, mwanga umemwagika kwenye ukuta wa jirani. Nilipotazama vizuri ni kweli.

Mama_baraka, tulikwenda tarehe 8 yenyewe na tulifuata neno lako. Kwenye ngazi za kupanda Croix-Rousse tulipumzika mara nne. Pumziko la tatu palikuwa na dirisha la chini, mzee anawasha bilauri zake na upepo unazizima. Mama akamwendea, wala hawaelewani lugha, akakunjua kanga akaitandaza kuzuia upepo. Mzee akawasha ya kwanza, ya pili, mpaka tisa. Moja ilizimika, akamwachia mama kiberiti. Aliiwasha yeye. Alimwambia "asante" kwa Kiswahili na mzee akajibu kwa Kifaransa, wakaagana.

Njiani kwenye treni aliniuliza kama zile bilauri zinauzwa. Nimemnunulia mbili, ya kijani na ya buluu, zimo ndani ya soksi kwenye begi lake.

mama_baraka

Dada, umenifanya nilie. Mwaka kesho mupande mpaka kwangu, ngazi ni mingi lakini chai iko.

fundi_taa_mvita

Mama yetu ana jicho la kikosi chetu. Mwanga ukimwagika kidogo hivyo mtu wa kawaida haoni. Hilo jengo la maji sikulifunga mimi, ila naijua timu, na bado kuna usiku mmoja umebaki. Niambie: upande wa kulia ukilitazama jengo, au ukilipa mgongo? Na mwanga umemwagika juu, au chini?

binti_pongwe

Nimemwamsha nimuulize. Kulia ukilitazama, kuanzia ghorofa ya tatu kwenda juu, na unazidi kupanuka ukipanda. Anasema hawajakosea kipimo, kitambaa ndicho kimezunguka kidogo kwenye bega.

fundi_taa_mvita

Basi mnara umegeuka. Nawapigia sasa hivi.