Je, moi, me zote ni "mimi"? Viwakilishi vya Kifaransa vinanitoa jasho

Kibena_Dar
Wakuu habari zenu. Nimeanza Kifaransa Alliance Française hapa Dar, level ya A1, salamu na namba zimepita fresh ila tumefika kwenye viwakilishi nimekwama. Je, tu, il, elle, nous, vous, ils, elles nimezikariri zote, nikitaka kuongea ndo balaa. Kwa nini "mimi" iwe je halafu tena moi halafu tena me? Halafu mwalimu akisoma il parle na ils parlent mi sisikii tofauti yoyote, au masikio yangu mabovu? Na kitabuni "sisi" ni nous ila kwenye video za YouTube kila mtu anasema on. Jamani msinitumie jedwali, majedwali ninayo ya kutosha.

MwanaBuyenzi
Karibu mdogo wangu, huku Bujumbura Kifaransa tunakikuta shuleni tukiwa wadogo. Shida inaanza pale mnapoambiwa je ni "mimi". Mimi ni moi. Je ni ile "ni" ya "ninasoma". Mtu akigonga hodi ukauliza nani, hawezi kujibu "ni" akanyamaza, atasema "mimi", na Mfaransa hivyohivyo hajibu je, anajibu moi. Je haikai bila kitenzi, tena kitenzi kikianza na vokali au h isiyosikika inakatwa inagandana nacho, j'aime, j'habite. Kwa hiyo je, tu, il chukulia ni "ni, u, a", na moi, toi, lui ndo mimi, wewe, yeye. Ndo maana wanasema Moi, je travaille à Dar kama wewe unavyosema "mimi nafanya kazi Dar". Na baada ya avec (pamoja na), pour (kwa ajili ya), chez (nyumbani kwa) ni hizohizo, avec moi, chez toi.

Me, te, le, la ndo zile tunazochomeka katikati: nakupenda, je t'aime. Namwona, je le vois, akiwa mwanamke je la vois. Wenzetu wa Kiingereza hapa wanateseka maana kwao inakuja baada ya kitenzi, sisi tumezaliwa nayo iko mbele ya mzizi.

DadaMkalimani
Masikio yako mazima kaka, il parle na ils parlent hazina tofauti, hata Mfaransa anajua tu kwa sababu anajua mnamwongelea nani. Inasikika kitenzi kikianza na vokali: il aime ni "ilem", ils aiment ni "ilzem". Mtego wenyewe ni ils ont na ils sont, ya kwanza ina z (wana), ya pili s (ni, wapo), hiyo ukiikosea umebadilisha maana kabisa.

On kwenye kuongea ndo "sisi" ya kila siku, ila kitenzi chake kinaenda kama cha il: on parle, on va. Nous iweke kwenye insha na barua rasmi. Na elle usidhani ni ya wanawake tu, la table (meza) nayo ni elle. Ngeli kwetu zimejaa, hizo mbili zao, ya kiume na ya kike, zisikutishe.

Kibena_Dar
Dah, asanteni sana. Sasa mbona "nampa kitabu" ni je lui donne un livre hata kama ni mwanamke, si lui ni yeye mwanaume?

MwanaBuyenzi
Hapo Kiswahili kinakuangusha, maana kwetu namwona na nampa ni "m" ileile. Wao wanaangalia kama kitenzi kina à (kama "kwa" yetu): donner à (kumpa mtu), parler à (kuongea na mtu), basi ni lui, kwa mke na mume, wakiwa wengi leur. Lui ya kusimama peke yake, avec lui, ndo ya kiume, mwanamke avec elle. Sasa ona vituko: kupiga simu kwa téléphoner unasema je lui téléphone, kwa appeler ni je l'appelle, maana moja ila appeler haina à. Jifunze kila kitenzi na à yake toka mwanzo. Viwakilishi vingine viwili, y na en, viache kwanza, shika tu il y a (kuna) na on y va (twende).

Zamoyoni
Tena RFI, ile redio ya Ufaransa, wana kipindi cha habari, Journal en français facile, sikiliza huku ukisoma maandishi yake. Weka alama kila ukikutana na lui, utajionea mwenyewe ile à.

DadaMkalimani
Na dukani au kwa mtu usiyemjua anza na vous ya heshima hata kama yuko mmoja, akitaka umwite "tu" kama rafiki atakwambia mwenyewe.