Kibanda KICC au shoo ya Jamhuri? Natengeneza mashine za kukatia majani ya ng'ombe

Karakana_Kariobangi

Wadau, hamjambo. Nina karakana Kariobangi Light Industries. Tunatengeneza mashine za kukatia majani ya ng'ombe: kubwa ya mota ya nguvu-farasi 3, na ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Wateja wangu wengi ni wa Kiambu na Nyandarua, na wanakuja kwa sababu jirani ameshanunua.

Juzi kijana mmoja amenipigia simu, ulimi wa asali, ananiuzia kibanda kwenye maonyesho ya kimataifa pale KICC, lile jumba la mikutano katikati ya Nairobi. Mita 3 kwa 3, siku tatu, na ati wanunuzi watatoka nje ya nchi. Pesa anazotaka zinatosha kuninunulia mota na vyuma vya mashine kadhaa. Mke wangu anasema tukiwa na pesa za kutupa, afadhali tuzitupe uwanja wa Jamhuri kwa shoo ya kilimo, angalau huko kuna wakulima. Shemeji naye anasema niache yote hayo nipande ndege niende kwenye maonyesho ya Guangzhou, Uchina.

Aliyewahi kuweka bidhaa kwenye haya maonyesho anipe ukweli. Brosha ninazo tayari.

Mtu_wa_Eastleigh

Mimi huenda kila mara, na nikitoka nina mifuko, kalamu na kalenda za mwaka mzima. Kununua sijawahi kununua kitu. Hesabu watu kama mimi kwanza kabla hujalipa.

Fundi_wa_Vibanda

Mimi ni mmoja wa wale mafundi wanaokesha usiku wa kuamkia ufunguzi, juu ya ngazi, wakifunga fito za alumini na paneli nyeupe. Nimesimamisha vibanda KICC, Sarit Expo kule Westlands, Oshwal, na Jamhuri pia. Kwa hivyo nisikilize, lakini ujue mimi nalipwa hata usipouza kitu.

Anza na hiyo "mita 3 kwa 3". Ni kuta tatu za paneli zenye kimo cha kama mita 2 na nusu, ubao wa jina juu, taa, meza moja, viti viwili, na soketi moja ya ampea 13. Basi. Kama kiko katikati ya mstari, uso wako ni mmoja tu. Cha pembeni kina nyuso mbili na huwa ni ghali zaidi, lakini mwenye mashine ndiye anayekihitaji, kwa sababu mtu hasimami kutazama mashine ambayo lazima aingie ndani ndipo aizunguke. Mwambie huyo kijana akutumie ramani ya ukumbi. Ukikuta umewekwa nyuma kabisa, au umebanwa na mwenye spika za kuuza sabuni, kataa mapema.

Sasa hiyo soketi. Mota yako ya nguvu-farasi 3 ikikimbia inakula takriban ampea 13, yaani tayari uko ukingoni. Inapowashwa inavuta mara tano au zaidi kwa nukta chache, na hapo swichi inaruka na mstari mzima wa vibanda unazimika. Nimeona majirani wakikaribia kupigana kwa jambo hilo. Stima ya ziada huagizwa kabla, kwa fomu, na hulipiwa kando. Injini ya petroli usiifikirie, haiwashwi ndani ya ukumbi.

Na majani je? Mashine ya kukatia majani isiyokata majani ni chuma kilichopakwa rangi. Utaingiza mzigo wa napia kwenye zulia la watu? Kwa hilo mkeo ana haki. Jamhuri uko nje, unakata mchana kutwa, mkulima anashika yale majani yaliyokatwa, anayasugua kidoleni, anauliza kisu kinanolewa vipi. Wale ASK, chama cha kilimo kinachoandaa shoo, wako kwenye kazi hiyo tangu 1901, na hata leo wanapoiita Nairobi International Trade Fair, mkulima wa Limuru bado anasema "naenda shoo". Ubaya wake ni watoto wa shule. Kuna siku utakuwa ukifukuza mikono midogo kwenye kisu zaidi ya kuuza, kwa hivyo weka kizuizi na uache mtu mmoja kazi yake iwe hiyo tu.

KICC ina kazi yake. Jumba lile lilifunguliwa 1973, na mwaka huo huo Benki ya Dunia na IMF wakafanya mkutano wao wa kila mwaka humo. Lilijengwa kwa mikutano na wakubwa, na mpaka leo anayeingia kwenye maonyesho ya biashara pale mara nyingi amevaa suti na anatafuta ajenti au msambazaji. Huyo hanunui mashine moja. Anakuuliza: kwa mwezi unatoa mashine ngapi, una alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango), bei yako ikifika Mombasa ni ngapi, spea zinapatikana wapi. Kama maswali hayo manne huwezi kuyajibu bila kukuna kichwa, hujawa tayari kwa KICC.

Kabla ya yote, ingia kama mgeni kwenye maonyesho yoyote ya kijana huyo, siku ya pili. Ya kwanza ni ya waheshimiwa na kukata utepe, ya mwisho watu wanafunga mabegi. Simama karibu na mlango usome beji. Ukiona "mwanafunzi, mwanafunzi, mwonyeshaji, mwanafunzi", rudi Kariobangi ukachomelee.

Guangzhou ni habari nyingine. Yale ni maonyesho ya kununua, yapo tangu 1957, yanafanyika majira ya kuchipua na ya vuli, na mashine huwa kwenye awamu ya kwanza. Ukitaka mota za bei nafuu, shemeji hajakosea. Lakini kule wewe ndiwe mteja, na unachotafuta hapa ni mteja.

Mama_Kariokor

Fundi amesema kweli lakini amewadharau wa suti kidogo. Mimi nauza mikoba ya ngozi. Mteja wangu wa Kampala nilimpata kwenye kibanda, na hakununua hata mkoba mmoja siku ile. Alichukua kadi, akapotea, nikamfuata kwa WhatsApp mpaka akachoka kunikataa.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: mteja wa Uganda au Tanzania akichukua mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, na bidhaa iko kwenye orodha ya zinazokubaliwa, kuna cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Afrika Mashariki. Mnakijaza pale mpakani, kwa Uganda ni Busia au Malaba, na halipi ushuru wa forodha. Kodi nyingine zipo, usimdanganye. Mashine zako mbili tatu huenda zikaingia humo.

Pia, kwa nini ulipe kibanda kizima? Uliza KEPROBA, lile shirika la serikali la kukuza mauzo ya nje, na chama chenu cha jua kali. Mara kwa mara wanachukua nafasi kubwa halafu wanagawia wazalishaji wadogo. Na yako yale maonyesho ya wafanyabiashara wadogo, yaliyojulikana kama Jua Kali/Nguvu Kazi, ambayo huzunguka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Karakana_Kariobangi

Asanteni sana. Alama ya KEBS bado naifuatilia, kwa hivyo kwa swali la pili tu nimeshaanguka. Jamhuri basi, na mke wangu asione hapa. Lakini mama amenitia tamaa na Kampala. Nikipata nafasi ya kugawana KICC, nikaenda na ile ndogo ya mkono peke yake, itakuwa aibu?

Fundi_wa_Vibanda

Hiyo ya mkono ndiyo ya kupeleka. Haitaki soketi, na mgeni akizungusha mwenyewe anakaa kibandani mara tatu ya muda wa yule anayetazama. Lete shada dogo la majani, yafunge kwa gunia, na uulize mwandaaji kwanza. Ile kubwa ipige video ikifanya kazi kwa mteja wa Nyandarua, ng'ombe aonekane, halafu uichezeshe kwenye simu au tabuleti. Spika usilete. Bei iandike ubaoni. Wenzako wengi huificha, na mtu wa Kampala anayeona haya kuuliza hupita tu.

Mama_Kariokor

Na andika iko kwa shilingi gani. Mganda akisoma 30,000 bila kuambiwa ni ya Kenya, atafurahi bure.