Mrejesho: Adhabu ya kuruka vipimo vya kudidimia kwa ardhi mgodini

Niliuliza kama mgodi wa makaa ya mawe tunaoufanyia upimaji hapa West Virginia ungetozwa faini papo hapo kwa kuruka vipimo viwili vya kudidimia kwa ardhi vilivyoahidiwa kwenye kibali chake. Si lazima. Mkaguzi alifungua daftari, akakuta safu mbili tupu mbele ya namba za vigingi vya kupimia kimo cha ardhi, vilivyo kando ya malisho, akaandika notisi ya ukiukaji yenye muda wa kurekebisha.

Kwa sheria ya shirikisho la Marekani ya mwaka 1977 kuhusu uchimbaji wa makaa ya mawe, ambayo majimbo hayaruhusiwi kuilegeza, muda huo kwa kawaida hauzidi siku 90. Kanuni za shirikisho hupima faini kwa alama, zikiangalia historia ya mgodi, uzito wa kosa, uzembe na juhudi za kujirekebisha. Alama zikizidi 30, faini haiepukiki. Kupuuza notisi yenyewe ndiko kunakouma zaidi, kwa kuwa huleta amri ya kusimamisha kazi na faini ya kila siku, ambayo sheria iliiwekea kiwango cha chini cha dola 750 kabla ya marekebisho ya mfumuko wa bei.

Kwangu mimi mpimaji, hasara kubwa ni nyingine: kigingi kitaonyesha kimo cha leo, lakini hakitasema ardhi ilianza kushuka lini, na mwenye nyumba akilalamikia ufa ukutani, mgodi hautakuwa na takwimu za kujitetea. Vipimo vimeanza tena. Uamuzi wa faini bado tunausubiri.