Bampa ya nyuma yenye mkono wa spea: bushi, beringi au niagize nje?

MsafiriWaNyika
Wakuu habari za jioni. Nataka kufunga bampa ya chuma nyuma, ile yenye mkono unaofunguka pembeni umebeba tairi la spea. Fundi wa kwanza, pale mkono unapozungukia anachonga bushi ya shaba, kile kibomba kinachovaa shafti, anataka milioni moja na laki mbili. Wa pili anaweka beringi ila bei yake imechangamka. Kuna na zile za kuagiza Australia. Ipi inadumu? Jumatatu nataka kutoa advansi.

MzeeChasisi
Gari gani? Tairi saizi gani? Utaning'iniza na madumu? Unapita wapi? Umekuja duka la dawa hujasema unaumwa nini.

Kisiki78
Bushi ya shaba, mengine kelele. Ikiisha fundi wa leti yeyote anakukerezea nyingine siku hiyo hiyo, hata uwe Babati. Halafu inakuonya, mkono unaanza kucheza kidogo kidogo unajua muda umefika. Beringi sili ikichanika vumbi linaingia na wewe hujui kitu mpaka isage.

DadaGrisi
Kisiki kila uzi wewe na shaba yako. Shida ya hizi bampa si bushi wala beringi, ni urefu wa shafti, ule mhimili ambao mkono unauzungukia. Nimeona mtu kaweka bushi fupi sana, mkono una tairi la kilo 30 umechomoza mita nzima, hapo hata ungeweka dhahabu ingelika upande mmoja. Beringi za koni mbili, moja chini moja juu zimegeuziana, kama hab ya trela, zinabeba uzito wa kwenda chini na wa pembeni pia. Ikianza kucheza hununui kitu. Unafungua kofia, unakaza nati huku unazungusha mkono mpaka uwe mzito, unairudisha kidogo, unapiga pini. Muhimu umwambie fundi atumie beringi zinazouzwa kila duka la spea, asikuwekee za mashine ya kusaga alizookota.

Mbuga_kwa_Mbuga
Mimi naomba nieleze yaliyonikuta, nisiseme karakana gani. Walinifungia bampa inang'aa, mkono unafunguka kwa kidole. Tulikuwa tunaenda Serengeti, tukaingia Ngorongoro kwa lango la Loduare, na ile barabara ya kwenda Naabi anayeijua anaijua, mawimbi mwanzo mwisho. Ikaanza kugonga nyuma, nikadhani shokapu, dereva mwenzangu anasema bushi za springi, tunashuka tunatikisa hatuoni kitu. Kumbe mkono ukifungwa haukai juu ya kitu chochote!! Hawakuweka kabari ya kuupokea kwa hiyo uzito wote wa tairi unaning'inia kwenye loki, na loki kazi yake ni kuvuta mkono ukae, siyo kuubeba. Loki ikalegea, mkono ukapata nafasi ya kuruka, kila wimbi unapiga bomba la shafti. Na lile bomba walilichomelea kwenye bati la juu tu, chini halikushikwa, hakuna hata plati ya pembetatu. Kabla ya Seronera weldi ikapasuka, mkono ukalala kwenye mlango, mlango haufunguki na chakula chote kipo nyuma. Tukaunyanyua kwa jeki, tukaufunga na mkanda wa mizigo mpaka kwenye karia, mwendo wa harusi mpaka kambini. Kwa hiyo we muulize fundi bomba linapita bati la juu NA la chini? Kabari ipo? Ina raba? Beringi baadaye.

MzeeChasisi
Hapo umesema. Kupima ni rahisi, fungua loki mkono ukiwa umefungwa. Ukishuka hata milimita chache, kabari imeisha au haipo. Weka kipande cha raba ngumu, ongeza washa mpaka mkono upande kidogo kwenye kabari ndipo loki ishike. Kelele nyingi za hizi bampa zinaishia hapo.

Laikipia_Diesel
Boss, kwani spea haiwezi kaa juu kwa karia? Sisi huku tunaweka juu, bampa inabaki laini na nyuma hailemewi.

Kisiki78
Juu! Nani atashusha tairi peke yake usiku kwenye matope? Na gari inayumba kwenye kona.

MsafiriWaNyika
Samahani wakuu nilikuwa barabarani. Gari ni Prado 95, tairi 265/70R16. Niko Tanga, napanda Lushoto mara kwa mara, Mkomazi pia. Madumu labda mawili, na jeki ile ndefu.

MzeeChasisi
Tairi na rimu kilo 30 hivi, dumu la lita 20 la dizeli na chombo chake linagusa kilo 21, mara mbili, jeki 13. Hiyo 85 kwenye mkono mmoja! Weka mikono miwili au madumu yaingie ndani. Na mkono uzungukie upande uliko bawaba za mlango, ukikosea hapo utafungua mpaka uchoke.

DadaGrisi
Tanga chumvi jamani. Mwambie atoboe matundu ya maji chini ya bampa, na ndani ya bomba pia apige rangi, nje si kitu. Nipeli, kile kichuchu cha kusukumia grisi, iwekwe ya kufikika, ukishasukuma grisi usiache mpaka itoke safi. Na pini ya kuzuia mkono ukiwa wazi, Lushoto ukipaki kwenye mteremko utakurudia mgongoni.

Laikipia_Diesel
Na namba ya gari je? Tairi ikihama inaziba plati na taa yake, trafiki hawatakuacha.

Mbuga_kwa_Mbuga
Unahamishia kwenye mkono. Waya upitishwe karibu na shafti uwe na ulegevu, la sivyo unakatika ndani ya mpira na taa inawaka inavyotaka.

Kisiki78
Grisi gani mnatumia? Mimi ile nyeusi ya molibdeni.

DadaGrisi
Ya lithiamu ya kawaida inatosha, huo ni mkono siyo propela shafti.

Kisiki78
Kwenye shaba nyeusi ndiyo yenyewe, uliza fundi yeyote wa matrekta.

MsafiriWaNyika
Sasa wakuu, kuhusu ile ya Australia hamjasema kitu. Na kuna jamaa hapa ana ya mtumba imetoka kwenye Land Cruiser 80, anasema inakaa kwenye Prado kwa kukata kidogo?

MzeeChasisi
Kukata kidogo wapi? Tuma picha.