Mkojo unamtoka mama: mazoezi, vidonge, pete au upasuaji, tuanze na kipi?

Mwana wa Pongwe
Wadau, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 71, na akipiga chafya tu mkojo unamtoka. Khanga ya akiba haikosi kwenye mkoba, na kwenye jumuiya ameacha kwenda kwa kuogopa kulowesha viti vya watu. Daktari mmoja kampa vidonge, mwingine kataja upasuaji, jirani anasema mazoezi. Muuza mitishamba naye ana chupa yake. Kipi ni kipi hapo?

Nesi Mstaafu
Mwanangu, kwanza nijibu hili: unamtoka akikohoa, akicheka, akiinua ndoo? Au anabanwa ghafla, na kabla hajafika chooni umeshamponyoka? Hayo ni matatizo mawili. La kwanza ni misuli ya chini ya nyonga kulegea, kwa uzazi na umri. La pili ni kibofu kujikamua kabla ya wakati. Vidonge vya kutuliza kibofu ni vya hilo la pili. Kwa la kwanza mtamaliza hela bure. Apimwe mkojo na sukari pia, maana UTI na kisukari huzidisha mambo.

Mwana wa Pongwe
Ni chafya na kukohoa zaidi. Kubanwa ghafla mara mojamoja. Ila usiku anaamka sana.

Fizio Mwanza
Basi anzeni na mazoezi ya misuli hiyo ya chini ya nyonga. Abane kama mtu anayezuia hewa isimtoke, bila kukaza makalio wala kuziba pumzi. Abane mara 8, apumzike kati ya kila mbano, na afanye hivyo mara tatu kwa siku. Hata akiwa kitandani inawezekana. Wengi huacha wiki ya tatu wakisema hayafanyi kazi, wakati yanahitaji angalau miezi 3. Na asipunguze maji ovyo: mkojo mzito huchokoza kibofu, na choo kigumu hukikandamiza.

Chausiku K
Mama mkwe wangu yake ilikuwa ya kubanwa ghafla, akapewa oksibutinini, kidonge cha kutuliza kibofu. Kukimbilia chooni kulipungua kweli. Lakini mdomo ulikauka, choo kikawa kigumu, na akaanza kumwita mjukuu kwa jina la shemeji aliyefariki zamani. Tukadhani ndiyo uzee. Daktari alipomwachisha, akili ikarudi. Sasa yuko kwenye mirabegroni, kidonge kingine cha kibofu. Hiyo ni ghali, na presha lazima ipimwe kwa sababu inaweza kupanda.

Babu Kigoda
Huo upasuaji je? Si wanamaliza mara moja tu?

Nesi Mstaafu
Kwa mkojo wa chafya unasaidia wengi, shikamoo kaka. Ila uliza wanaweka nini. Uingereza walisimamisha utepe wa plastiki wa kushikilia njia ya mkojo Julai 2018 baada ya wanawake kulalamikia maumivu na utepe huo kuwachimba ndani. Kuna njia ya kutumia nyama ya mgonjwa mwenyewe. Upasuaji mimi ningeuweka mwisho. Kabla yake kuna pete ya silikoni ya ukeni, hasa kama kizazi kimeshuka: inavaliwa, inatolewa, inaoshwa. Krimu ya estrojeni nayo husaidia ukavu na kubanwa ghafla, kwa ushauri wa daktari.
Chupa isiyoandikwa ina nini, kwa mama wa miaka 71, hapana.

Mdau wa Temeke
Niongeze: kama unachuruzika mchana na usiku bila kukoma, hasa kwa aliyewahi kukwama kwenye uchungu wa kujifungua, inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hapo mazoezi hayafui dafu. Hospitali ya CCBRT hapa Dar wanatibu fistula bure.

Fizio Mwanza
@Mwana wa Pongwe, huko kuamka usiku: mama anameza dawa ya presha ya kukojosha?

Mwana wa Pongwe
Ndiyo, Lasix. Anameza baada ya chakula cha usiku, na chai yake ya rangi.

Fizio Mwanza
Muulizeni daktari kama inaweza kuhamia asubuhi, msiihamishe wenyewe. Chai ya usiku mnaweza kuikata leo.

Mwana wa Pongwe
Ya Lasix nitamuuliza Jumatatu. Ya chai, labda mumwambie ninyi.