Defender 110 inaliwa na kutu Tanga: nianze na nini?

Wa Sahare:
Wakuu, habari za mchana. Nina Land Rover Defender 110, injini 300Tdi. Naishi Sahare, upepo wa bahari unaingia hadi chumbani. Mizigo yangu inakwenda Mkwaja kwa kivuko cha Pangani, na masika mnaijua njia ile. Juzi nimeingia chini, nikaichoma boriti ya nyuma ya chasisi kwa bisibisi, bisibisi ikazama. Fundi mmoja anataka kupachika bati juu yake na kupaka rangi nyeusi, biashara imekwisha. Hela niliyonayo nilikusudia snokeli (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu) na springi nzito. Mnanishauri vipi?

Mzee wa Kazi:
Oili chafu mkuu. Paka chini kote, kutu utaisikia kwa jirani.

Fundi Ngamiani:
Oili chafu kapake mlango wa banda. Chini ya gari kuna bushi za mpira, oili inazivimbisha na kuzilainisha; kabla hujafika Kigombe gari inayumba.

Mwanangu wa Sahare, bodi ya Defender ni alumini, ndiyo maana watu wanajidanganya kuwa haishiki kutu. Chasisi ni chuma, tena boksi lililo wazi ndani. Tope linaziba vitundu vya kutolea maji, chumvi inabaki humo, chuma kinaoza kutoka ndani kuja nje. Ulipoona tundu, ndani kulishaoza zamani. Kwa hiyo bati la juu ni kumvisha mgonjwa kanzu. Chuma kilichooza kikatwe mpaka kwenye chuma kizima, kile ambacho ukikigonga kwa nyundo kinalia, ndipo kichomelewe kipya. Waya za betri na altaneta zichomolewe kwanza. Na tangi la mafuta la 110 liko hapo hapo nyuma, lishushwe. Fundi akikwambia "tutafunika na gunia bichi", chukua funguo zako uondoke.

Kisha zibua vitundu kwa waya, suuza ndani kwa maji yasiyo na chumvi, iache ikauke kabisa, upulize nta ya kuzuia kutu ndani ya boksi kwa mpira mrefu wenye pua. Nje brashi ya waya, red oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), kisha rangi. Lami usipake juu ya kutu, unyevu unafungiwa ndani. Halafu angalia pale alumini inapokutana na chuma: ukiona unga mweupe, alumini ndiyo inayoliwa. Vitenganishe kwa mpira au rangi.

Springi nzito baadaye. Chasisi hiyo itabeba kishindo chake na nini?

Mama Lushoto:
Kaka, kiwanda kiliipa hiyo gari kuvuka maji ya kina cha sentimita 50 tu. Snokeli inalinda hewa ya injini, basi. Difu (boksi la gia katikati ya ekseli) ikiwa ya moto ukaizamisha kwenye maji, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kwenye sili. Ya kwangu nilipoifungua oili ilitoka nyeupe, ina povu. Nikaongeza mipira ya vipumulio vya difu na gia boksi, nikaipandisha hadi kwenye boneti. Mpira na klipu, gharama ndogo mno ukilinganisha na snokeli.

Tena 300Tdi ina tundu chini ya nyumba ya flaiwili (gurudumu zito linaloshika klachi) na jingine kwenye kava la taiming belti. Unafunga plagi, yaani vizibo vya matundu hayo, ukienda kwenye maji marefu, ukitoka unafungua. Ukizisahau, oili ikivuja haina pa kutokea, inalowesha klachi au belti.

Wa Sahare:
Shikamoo fundi, ahsante dada. Plagi sina hata moja, matundu yako wazi. Snokeli nimeiahirisha. Fundi, Jumamosi una nafasi?

Fundi Ngamiani:
Marahaba. Njoo mapema, tangi liwe karibu tupu, na chini pawe pameoshwa. Ukija na tope la Mkwaja nakurudisha Sahare.