Dalali kamuuza baba yangu mdogo kama "Tigre wa Kolwezi"

Yambo wote. Nimekaa wiki tatu nikijiambia nipoe kwanza ndipo niandike. Sijapoa, basi naandika hivi hivi.

Mimi ni mkusanyaji. Mdogo tu, wa Lubumbashi, komine ya Katuba, si wale wenye makabati ya vioo. Nakusanya picha na vifaa vya makomando wa miavuli waliopita kwenye vita vya huku kwetu: Stanleyville 1964, Shaba 1977, Kolwezi 1978. Usiku, umeme ukiwepo, naingia kwenye tovuti za mnada za Ulaya kuangazaangaza tu, maana bei za kule si za mfuko wangu. Usiku mmoja nikiwa napitisha picha kwa kidole, moja baada ya nyingine, nikamkuta baba yangu mdogo.

Baba mdogo aliyenilea. Kasimama kwenye majani makavu, mwavuli mgongoni, ule wa akiba umening'inia tumboni kama mimba, bereti kaikunja mkononi, anacheka. Picha hiyo naijua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yetu. Katikati ya paji la uso wamempiga jina la duka la muuzaji kwa herufi nyeupe. Chini yake maelezo: "Tigre wa FNLC, mateka, Kolwezi, Mei 1978. Nadra sana." Euro 140.

Tigre! Mtu aliyekwenda kupigana na hao Tigre!

Kwa vijana ambao mnasikia Kolwezi mnawaza kobalti peke yake: tarehe 13 Mei 1978 waasi wa FNLC wa Nathaniel Mbumba, ndio hao walioitwa Tigre, wengi wao wakiwa waliokuwa jandarme (askari wa Katanga ilipojitenga) na watoto wao, walitoka Angola, wakapitia Zambia, wakauteka mji. Dunia inakumbuka Legioni ya Kigeni ya Ufaransa, kikosi cha miavuli cha 2e REP cha Kanali Erulin, walioruka tarehe 19, na Wabelgiji walioshuka kesho yake wakitokea Kamina. Sawa, waliruka. Lakini kabla yao, tarehe 16, jeshi la Zaire lilikwisha kurusha kampuni ya batayo ya miavuli ya 311, na wengi wa vijana wale hawakurudi. Batayo hiyo hiyo, chini ya Meja Mahele, ilikwenda pia kwa barabara, ikaukamata uwanja wa ndege na kuushikilia kabla mzungu hata mmoja hajatua. Baba mdogo alikuwa katika hao wa barabara. Picha yenyewe haina uhusiano na Kolwezi. Ni ya mazoezi, ya miaka miwili kabla.

Na hapa ndipo ninapowaka. Dalali huyu si mjinga. Anajifanya mtaalamu, anawafundisha wengine namna ya kutambua kitu cha kweli. Angetumia jicho lake dakika moja tu. Tigre walikuja kwa miguu na kwa magari, hakuna hata mmoja aliyetoka angani. Mateka wa FNLC angeupata wapi mwavuli wa T-10 wa Kimarekani, tena amefungwa vizuri na mikanda yote mahali pake? Miavuli hiyo ilikuwa ya jeshi la Zaire. Hata Legioni waliazimwa hiyo hiyo, wakasumbuka nayo, kwa sababu mifuko yao ya vifaa ya Kifaransa haikukubali kunasa kwenye mikanda ya Kimarekani, ikabidi wafunge kwa nyaya. Kila anayejiita mkusanyaji wa Kolwezi anaijua habari hiyo. Yeye pia anaijua. Aliona mwavuli, aliona sura nyeusi, akapiga hesabu: askari wa Zaire hauziki, Tigre anauzika.

Sasa niwaambie alivyoipata.

Baba mdogo alifariki 2011. Mama mdogo akabaki na kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, ndani yake picha 23, mkanda wa turubai wa Kimarekani wenye matundu ya shaba, kibuyu cha maji cha plastiki kilichoandikwa U.S. na mwaka 1966 chini, na kijitabu cha askari kilicholiwa na mende pembeni. Mimi nilikuwa sigusi. Nilimwambia mara moja tu asizipeleke picha kuplastifiwa kwenye vibanda vya fotokopi, maana picha ya karatasi ikishabanwa na plastiki ya moto ndiyo imekwisha, huwezi kuitoa tena bila kuichana. Mbili alikwisha kuziplastifi, siku ya matanga. Basi, hasira ya siku ile niliimeza.

Mwaka jana akaja huyu kijana, ndiye dalali mwenyewe. Suruali safi, maneno matamu, anamwita mama mdogo "mama" na mimi "yaya", yaani kaka mkubwa. Akasema anatengeneza hifadhi ya kumbukumbu za askari wa Katanga wa zamani, wajukuu wasome. Anachukua kopo wiki mbili, anaskani, anarudisha. Mimi ndiye niliyemruhusu. Naandika hapa wazi ili msije mkaniambia "ungekuwa makini". Nilimjua kupitia vitu vyetu hivi hivi, tulikwisha kubadilishana kadi za posta za Élisabethville, nikadhani ni mwenzangu. Akamwachia mama mdogo dola 50 "ya sukari". Ile noti yenyewe ilikuwa na mpasuko mdogo kama ukucha, wabadilisha pesa wote wa barabarani wakaikataa. Tukaizungusha siku nne, mwishowe ikaliwa nusu bei. Pale pale ningeelewa mtu wa namna gani nimemwingiza nyumbani.

Wiki mbili zikawa miezi miwili. Kila nikipiga simu: "Yaya, usikuwe na wasiwasi, minarudisha juma hili." Mwishowe akarudisha kopo. Kopo lile lile. Ndani picha 14, mkanda, na kijitabu. Kibuyu hakipo. Picha tisa hazipo. Nikauliza, akasema alizipokea hivyo. Mimi mwenyewe nilizihesabu kwenye meza ya mama mdogo, naye akiangalia!

Na kati ya zile 14, nne alizigeuza. Nyuma ya kila picha baba mdogo alikuwa ameandika kwa peni ya bluu: mahali, mwaka, na majina ya aliosimama nao. Nne zile, maandishi yamesuguliwa kwa kifutio mpaka karatasi imechubuka, unaona nyuzi. Niliziweka chini ya taa nikakaa muda mrefu bila kusema kitu. Mkusanyaji anafuta maandishi nyuma ya picha? Mimi sijawahi hata kuandika kwa peni nyuma ya picha ya mtu; natumia penseli laini, pembeni, taratibu, wino usije ukapenya upande wa pili. Huyu kafuta majina ya watu, na baadhi yao walibaki Kolwezi. Jina lile pengine ndilo maandishi pekee yaliyobaki duniani yanayosema fulani alikuwepo.

Baadaye nilielewa. Picha yenye jina la sajini wa Zaire ina hadithi moja tu. Picha isiyo na jina inaweza kuwa chochote anachotaka mnunuzi.

Ngoja nizungumzie kidogo hilo duka lake, kwa sababu kuna watu humu wanamsifia. Nimepitia bidhaa zake zote, usiku kucha. Kuna picha ya "askari wa Legioni, Kolwezi 1978" kashika bunduki ya FAMAS. Wapendwa, pale Kolwezi walibeba bunduki za MAS 49/56 na MAT 49. Kuna beji za kitambaa za jandarme wa Katanga zenye misalaba mitatu ya rangi ya shaba, "za 1961", ambazo nilikwisha kuziona kwa macho yangu zimeanikwa kwenye kamba uani kwake, bado zinachuruzika chai, ile ya kufanya kitambaa kipya kionekane cha zamani. Aliniambia anazisafisha. Unasafisha nguo kwa chai? Nikacheka, nikanyamaza. Hilo nalo ni kosa langu. Nilijua ni mwongo kwa wazungu, sikufikiri atakuwa mwongo kwetu.

Kuna mmoja atakayeniuliza, mbona nawatetea askari wa Mobutu kama watakatifu. Siwatetei. Najua FAZ, jeshi la Zaire, ilivyokuwa, na watu wa Kolwezi wenye umri wanajua zaidi yangu. Baba mdogo mwenyewe alikuwa na siku mbili za Mei 1978 ambazo hakuzisimulia mpaka anaingia kaburini. Ukimuuliza anaomba maji ya kunywa. Ndiyo sababu hasa namtaka kwenye picha akiwa yeye, na jina lake, na batayo yake, mema na mabaya yake. Si sura ya kupachikwa kwenye hadithi ya mtu mwingine.

Nimeandikia muuzaji. Kwanza alijibu kwa Kifaransa kizuri sana kwamba "asili ya kitu imethibitishwa". Nikamtumia picha nyingine ya baba mdogo siku ile ile, mwavuli ule ule, nyuma yake maandishi hayajafutwa. Akanifungia. Nimeandikia tovuti yenyewe, wakaniomba risiti ya ununuzi. Risiti! Ya baba yangu mdogo!

Kwenda kushtaki hapa mjini nimefikiria. Lakini kwanza nitaanza kueleza kwa nini nyumbani kwetu kuna mkanda wa kijeshi, na maelezo hayo yana bei yake. Mnaoishi hapa mnanielewa.

Mama mdogo nilimficha wiki nzima. Jumapili nikaenda, tukala bukari na sombe, ndipo nikamwonyesha kwenye simu. Akaisogeza karibu na macho, akaipanua kwa vidole, akauangalia ule uso wenye herufi nyeupe. Hakulia. Akaniuliza tu: "Balimuuzisha bwana yangu na dola ngapi?" Nikamwambia euro 140. Akasema kumbe sisi tulipewa 50, tena imepasuka.

NYONGEZA, saa nne usiku: nimetoka kuangalia sasa hivi. Maneno "Tigre" na "mateka" yametolewa. Sasa wameandika "komando wa Kiafrika, miaka ya 70". Bei imepanda, ni euro 190. Kwa hiyo barua zangu alizisoma.

Sitaji jina lake, na msilitaje humu chini tafadhali, uzi usije ukafungwa. Ninachoomba ni kimoja. Kama wewe au mtu unayemjua, hapa au Ubelgiji au Ufaransa, amenunua picha ya namna hii mwaka huu, igeuze. Nyuma, hata kama kifutio kimepita, ukiielekeza kwenye dirisha utaona alama za peni zimezama: "Kamina 1976". Na kwenye kona ya chini, kushoto, kuna doa la mafuta ya mawese lenye umbo la kidole kidogo. Hicho ni kidole changu. Nilikuwa na miaka tisa, nilipigwa sana siku ile.